Ulaini wa zege bichi la kokoto za kifusi

Ulaini wa zege bichi ni kiwango cha urahisi ambao zege lisiloanza kuganda linaweza kukorogwa, kubebwa, kumwagwa, kushindiliwa na kusawazishwa bila kokoto zake kutengana na uji wa saruji. Kokoto za kifusi ni kokoto zinazopatikana kwa kuvunjavunja na kuchekecha mabaki ya majengo: vipande vya zege la zamani, matofali ya saruji, plasta na sakafu. Zege la kokoto hizo hupoteza ulaini wake upesi kuliko zege la kokoto za mwamba, hasa kwa sababu kokoto zenyewe hunywa maji.

Katika maeneo ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, nyumba nyingi hujengwa na wenyewe kidogokidogo kwa msaada wa mafundi wa mtaani. Huko jambo hili lina uzito wa pekee. Fundi anayeona zege limekuwa gumu karaini huagiza maji yaongezwe. Zege hulainika, kazi huendelea, na jioni kila kitu huonekana sawa. Upungufu wa nguvu uliosababishwa na maji hayo hauonekani kwa macho.

Maana ya ulaini

Mafundi huliita zege "gumu" au "zito" linapokuwa na maji kidogo, na "laini" au "jepesi" linapokuwa na maji mengi. Maneno hayo hueleza hali ya zege bichi tu. Zege lililokuwa laini sana lilipomwagwa linaweza kuwa dhaifu likishakauka, na lililokuwa zito linaweza kuwa imara sana, mradi lilishindiliwa vizuri.

Saruji huhitaji maji kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuungana nayo kikemia ili igande. Kwa kazi hiyo maji yenye uzito wa takriban robo ya uzito wa saruji hutumika. Ya pili ni kulainisha mchanganyiko ili uweze kufanyiwa kazi. Maji ya kulainisha hayabaki ndani ya zege. Hukauka na kuacha vitundu vidogo mno, na kadiri vitundu vinavyozidi ndivyo zege linavyopungua nguvu. Uhusiano huo kati ya uwiano wa maji na saruji na nguvu ya zege ulielezwa na mhandisi Duff Abrams wa Chicago, Marekani, mwaka 1918, na hadi leo ndio msingi wa kupanga mchanganyiko wa zege.

Hata hivyo zege lisilo na ulaini wa kutosha nalo ni hatari. Haliingii vizuri kati ya nondo, hushikamana kwenye pembe za maboksi ya mbao, na huacha hewa ndani. Hewa ikibaki kwa kiasi cha asilimia 5 ya ujazo, nguvu ya zege inaweza kupungua kwa karibu theluthi moja. Hivyo fundi anayeongeza maji hana nia mbaya: analiona tatizo la kweli, ila dawa anayoitumia huleta tatizo jingine.

Kupima ulaini

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni jaribio la slampu, yaani kupima jinsi zege linavyoshuka. Hutumika koni ya chuma iliyo wazi juu na chini, yenye kimo cha milimita 300, kipenyo cha milimita 200 chini na milimita 100 juu. Koni huwekwa juu ya bamba tambarare lisilonyonya maji, kisha hujazwa zege kwa tabaka tatu. Kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa kipande cha nondo laini cha milimita 16 chenye ncha ya mviringo. Koni huinuliwa wima kwa sekunde chache, na zege lililobaki hushuka kwa uzito wake. Tofauti kati ya kimo cha koni na kimo kipya cha zege ndiyo slampu.

Viwango vya Ulaya hugawa matokeo katika madaraja matano. Slampu ya milimita 10 hadi 40 ni ya zege zito, 50 hadi 90 ni ya wastani na hufaa kazi nyingi zenye nondo, 100 hadi 150 ni ya zege laini, na zaidi ya hapo zege hutiririka. Zege likiporomoka upande mmoja badala ya kushuka sawasawa, jaribio hurudiwa. Likiporomoka tena, hiyo ni dalili kwamba mchanganyiko haushikamani.

Kwa zege zito mno, kama lile la kufyatulia matofali, koni haisaidii kwa sababu zege halishuki kabisa. Hapo hutumika vipimo vingine vinavyotetemesha zege na kuhesabu muda linaochukua kutulia.

Kwa zege la kokoto za kifusi, slampu ya mara moja inaweza kudanganya. Zege linalopimwa dakika mbili baada ya kukorogwa huwa na maji ambayo kokoto bado hazijayanywa. Kwa hiyo inafaa kupima mara mbili: mara baada ya kukoroga, na tena baada ya dakika 30 hivi, ambao ni karibu muda ambao karai la mwisho la mkorogo hufika mahali pake. Kipimo cha pili ndicho kinachoeleza hali ya zege linaloshindiliwa kweli.

Kokoto na vifusi vya Dar es Salaam

Dar es Salaam iko juu ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya matumbawe ya pwani. Mwamba mgumu wa kuvunjia kokoto uko mbali. Kokoto zinazosifiwa zaidi na mafundi hutoka Lugoba, katika Halmashauri ya Chalinze mkoani Pwani, zaidi ya kilomita 100 kutoka katikati ya jiji, na sehemu kubwa ya bei anayolipa mjenzi wa Mbagala au Chamazi ni gharama ya lori. Karibu zaidi, katika Manispaa ya Kinondoni, kuna machimbo ya Kunduchi yanayotoa mawe ya chokaa ya matumbawe. Huko watu wengi, wakiwemo wanawake, wamejipatia riziki kwa kugonga kokoto kwa nyundo. Mawe hayo yana vitundu na hunywa maji kuliko mawe ya Lugoba, kwa hiyo fundi aliyezoea kokoto za Kunduchi tayari ameonja sehemu ya tatizo linaloelezwa hapa.

Vifusi kwa upande wake havikosekani. Jiji linapanuka kwa kubomoa na kujenga upya. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba nyingi zilibomolewa katika bonde la mto Msimbazi, wilayani Kinondoni. Mwaka 2017 zilibomolewa nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ili kupisha upanuzi wa barabara hiyo. Mbali na matukio makubwa kama hayo, kila wiki kuna nyumba ya zamani inayovunjwa mahali fulani Tandika, Temeke, Magomeni au Sinza ili kupisha ghorofa.

Matumizi ya kawaida ya kifusi ni kujazia msingi kabla ya kumwaga jamvi, kuziba mashimo ya barabara za mitaa, na kuinua viwanja vya mabondeni. Nondo huchomolewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kuvunja kifusi kuwa kokoto za zege jipya ni hatua nyingine, na hiyo ndiyo inayodai uangalifu.

Kifusi cha nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam kina tabia yake. Kuta nyingi ni za matofali ya mchanga na saruji, ambayo mara nyingi hufyatuliwa kwa saruji kidogo, na zege lenyewe liko sehemu chache tu: msingi, jamvi, linta, nguzo na mkanda. Kwa hiyo lori moja la kifusi lina vipande vya tofali na plasta kwa wingi kuliko zege. Kifusi cha ghorofa la zamani au cha daraja ni kitu tofauti, maana karibu chote ni zege lenye kokoto ngumu ndani. Mtu akisema "kokoto za kifusi" bila kueleza ni kifusi cha nini, bado hajasema jambo la kutosha kwa mpangaji wa zege.

Kwa nini kokoto za kifusi hunywa maji

Kipande cha zege kinapovunjwa, kokoto ya asili haitoki safi. Hutoka ikiwa imefunikwa na ganda la mchanga na saruji iliyoganda zamani. Ganda hilo lina vitundu vingi na nyufa ndogo zilizotokana na kugongwa. Ndilo linalonyonya maji.

Kokoto za mwamba mgumu kwa kawaida hunywa maji ya asilimia 0.5 hadi 1.5 ya uzito wao. Kokoto zilizotoka kwenye zege la zamani hunywa kati ya asilimia 3 na 10, kutegemea ubora wa zege hilo na ukubwa wa vipande. Vipande vya tofali la kuchoma huweza kunywa zaidi ya hapo. Kokoto ndogo hunywa kuliko kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya kipande kidogo ni ganda. Chenga za kifusi, zile za chini ya milimita 4, ndizo zenye kiu kuliko zote, na mara nyingi hushauriwa zisitumike badala ya mchanga katika zege lenye nondo.

Sehemu kubwa ya unywaji huo hutokea mapema, katika dakika 10 za mwanzo. Maana yake ni kwamba zege linabadilika mikononi mwa mafundi wakati bado wanalifanyia kazi. Zege la kokoto za Lugoba hukaribia kubaki lilivyokuwa kutoka kwenye mashine hadi kwenye boksi. La kifusi huondoka likiwa laini na kufika likiwa zito.

Kuna sababu nyingine mbili, ingawa ni ndogo kuliko hiyo. Kokoto za kifusi zina uso wa kukwaruza na pembe nyingi, hivyo husuguana zaidi na kuhitaji uji mwingi zaidi wa saruji ili ziteleze. Pia huja na vumbi. Vumbi hilo lina eneo kubwa la uso likilinganishwa na uzito wake, na kila uso lazima uloweshwe.

Kokoto hizi vilevile ni nyepesi kuliko za mwamba. Fundi anayepima kwa karai au ndoo hapimi uzito, anapima ujazo, kwa hiyo karai la kifusi na karai la Lugoba si kitu kimoja hata kama yamejaa sawasawa.

Kupima kiu ya kokoto

Kiasi cha maji kinachonywewa na kokoto kinaweza kupimwa hata katika maabara ya shule ya sekondari yenye mizani. Kokoto huoshwa ili kuondoa vumbi, kisha hulowekwa kwa saa 24. Baadaye hutolewa na kufutwa kwa kitambaa hadi uso usiwe na maji yanayong'aa, na kupimwa. Halafu hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzijoto 105 za Selsiasi hadi uzito uache kupungua, na kupimwa tena. Kokoto zenye gramu 1,060 baada ya kulowekwa na gramu 1,000 baada ya kukaushwa zimekunywa gramu 60, yaani asilimia 6.

Mwanafunzi akifanya jaribio hilo kwa kokoto za Lugoba, za Kunduchi na za kifusi cha jirani, atakuwa na jedwali la mistari mitatu linaloeleza mengi kuhusu ujenzi wa jiji lake.

Hesabu ya maji

Mfano ufuatao ni wa mchanganyiko wa 1:2:4 kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Tuseme uwiano wa maji na saruji unaotakiwa ni 0.55. Maji yanayohitajika kwa saruji ni 50 × 0.55, yaani lita 27.5.

Mfuko mmoja una ujazo wa takriban lita 35. Kokoto ni mara nne yake, yaani lita 140, ambazo kwa kokoto za kifusi ni kama kilo 180. Ikiwa kokoto hizo hunywa asilimia 6 na zilikuwa zimekauka juani zikabaki na asilimia 2 tu ya unyevu, basi bado zina nafasi ya asilimia 4. Asilimia 4 ya kilo 180 ni lita 7.2 za maji. Kwa kokoto za mwamba zenye nafasi ya nusu asilimia, kiasi hicho kingekuwa takriban lita moja.

Tofauti ni zaidi ya lita 6 kwa kila mfuko, yaani karibu theluthi ya ndoo ya lita 20. Maji hayo lazima yawepo, lakini ni maji ya kokoto. Hayahesabiwi kama maji ya saruji kwa sababu yamefungwa ndani ya vitundu vya kokoto na hayapanui nafasi kati ya chembe za saruji. Wahandisi huyatenga hivi: maji yote yaliyotiwa, toa maji yaliyonywewa na kokoto, yanayobaki ndiyo maji huru. Uwiano wa maji na saruji huhesabiwa kwa maji huru peke yake.

Mchanga nao huingia katika hesabu, ila kwa upande wa pili. Mchanga wa mto uliolowa mvua za masika unaweza kubeba maji ya asilimia 5 au zaidi. Kilo 100 za mchanga huo huleta lita 5 ambazo hakuna aliyezipima. Siku ya mvua, mchanga unaweza kurudisha karibu yote yaliyonywewa na kokoto. Siku ya jua, haurudishi kitu. Ndiyo maana kipimo cha ndoo kilichofanya kazi vizuri Aprili kinaweza kuleta zege zito Januari katika kiwanja kilekile.

Maji ya kuongeza

Hali inayotokea viwanjani mara nyingi ni hii. Lita 27.5 zimetiwa, kokoto kavu zimekunywa lita 7, na zege limekuwa zito. Saidia fundi anaambiwa aongeze maji. Anamwaga nusu ndoo, yaani lita 10, kwa sababu hakuna chombo kidogo zaidi karibu. Maji huru sasa ni takriban lita 30.5, na uwiano ni 0.61. Zege limelainika tena, na madhara hadi hapo si makubwa sana.

Shida ni mkorogo unaofuata na zinazofuata. Fundi amejifunza kwamba kokoto hizi "zinataka maji", kwa hiyo mara hii anatia nusu ndoo ya ziada tangu mwanzo, na nyingine tena zege linapoanza kukaza dakika 20 baadaye. Kokoto zikishashiba hazinywi tena. Jumla ni lita 47.5, ukitoa 7 za kokoto zinabaki 40.5, na uwiano umefika 0.81. Kupanda kutoka 0.55 hadi 0.70 tu huweza kuondoa robo hadi theluthi ya nguvu ya zege. Kwenye 0.81 nguvu iliyopotea huweza kukaribia nusu, na hilo ni kabla ya kuhesabu udhaifu wa kokoto zenyewe.

Dalili zake zipo kwa anayejua kutazama: maji yanayopanda juu ya zege baada ya kusawazishwa, uji wa saruji unaovuja kwenye nafasi za mbao, kokoto zinazozama, na unga mweupe unaotoka sakafu inapofagiliwa wiki chache baadaye. Katika nguzo na slabu hakuna wa kufagia.

Njia za kulinda ulaini

Njia rahisi na inayofaa zaidi kwa kiwanja cha mtaani ni kuloweka kokoto kabla ya kukoroga. Rundo la kokoto hunyunyiziwa maji jioni na tena asubuhi, hufunikwa kwa turubai, kisha huachwa lichuje. Kokoto zinazotakiwa ni zile zilizoshiba ndani lakini usoni hazina maji yanayochuruzika. Gharama yake ni maji na subira. Katika mitaa inayonunua maji kwa madumu, hiyo si gharama ya kupuuzwa, lakini ni ndogo mbele ya mfuko wa saruji.

Kuloweka kuna mpaka wake. Watafiti wa Hong Kong wakiongozwa na Poon, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walilinganisha kokoto zilizokaushwa kwenye oveni, zilizokauka kwa hewa na zilizoshibishwa maji. Kokoto za oveni zilipotiwa pamoja na maji yote ya hesabu, zege lilianza na slampu kubwa kisha likaipoteza upesi, kwa kuwa maji ya kokoto yalikuwa bado nje. Zilizoshibishwa zilitunza ulaini kwa namna ya kawaida, lakini zilielekea kupunguza nguvu ya zege, pengine kwa sababu ya maji yanayotoka kwenye kokoto kwenda kwenye uji unaozizunguka. Waliona kwamba kwa zege la nguvu ya kawaida, kokoto zilizokauka kwa hewa zenye kifusi kisichozidi asilimia 50 ndizo zilizofaa zaidi. Kwa mjenzi wa Dar es Salaam, ambaye jua la Januari hukausha rundo kupita kiasi, somo la vitendo ni unyevu wa kiasi: rundo lisiwe kavu kama jivu wala lisiwe linatiririka.

Njia ya pili ni kukoroga kwa hatua mbili, iliyoelezwa na Tam na wenzake mwaka 2005, nao pia wa Hong Kong. Mchanga na kokoto hukorogwa kwanza, hutiwa nusu ya maji na kukorogwa, kisha hutiwa saruji, na mwisho nusu ya maji iliyobaki. Maji ya mwanzo huingia kwenye vitundu vya kokoto, na saruji inayofuata huunda uji mzito unaoziba vitundu na nyufa za ganda. Zege hupata nguvu zaidi bila kuongeza saruji. Njia hii haihitaji kifaa kipya. Inahitaji tu mashine ya kukorogea, au wakorogaji wa koleo, wafuate mpangilio.

Njia ya tatu ni kuchanganya kifusi na kokoto za mwamba. Kifusi kikichukua asilimia 20 hadi 30 ya kokoto, mabadiliko ya ulaini huwa madogo. Uingereza, katika kiwango chake cha BS 8500, huweka mpaka wa jumla wa asilimia 20 kwa aina nyingi za zege la kawaida lenye nondo, isipokuwa msanifu awe ameelekeza vinginevyo.

Zipo pia dawa za kulainisha zege zinazouzwa na wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Hutawanya chembe za saruji zilizogandamana na kuachilia maji yaliyofungwa kati yake, hivyo zege hulainika bila maji ya ziada. Hupimwa kwa mililita kwa kila mfuko, na kukisia kwa kizibo cha chupa huleta madhara.

Kuosha na kuchekecha kokoto husaidia kuondoa vumbi. Kuongeza mchanga kidogo badala ya sehemu ya kokoto husaidia pia pale zege linapokwaruza na kushindwa kusawazishwa.

Joto

Mchana wa Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, joto hupita nyuzi 30. Joto huharakisha kuganda kwa saruji na kukausha maji usoni, kwa hiyo zege la aina yoyote hupoteza ulaini. La kifusi hupoteza maradufu: juu kwa jua, ndani kwa kokoto. Kumwaga asubuhi na mapema, kuweka kokoto kivulini, na kukoroga kiasi kinachoweza kumalizwa ndani ya nusu saa ni hatua zisizo na gharama. Zege lililoanza kuganda halifufuliwi kwa maji. Baada ya kumwagwa, zege humwagiliwa kwa angalau siku 7.

Matofali ya kifusi

Utafiti uliofanywa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2013 na Sabai na wenzake, ulichunguza kama kifusi cha Tanzania kinaweza kurudi kuwa tofali. Sampuli 8 za kifusi zilikusanywa kutoka maeneo ya ujenzi na ubomoaji, zikavunjwa, zikachekechwa na kupimwa. Kokoto zake zilionekana dhaifu kuliko za asili, ingawa kikemia zilikaribiana nazo. Matofali yalifyatuliwa kwa kifusi kitupu, kokoto na mchanga wake vyote asilimia 100. Asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa yalifikia nguvu ya niutoni 7 kwa kila milimita mraba, kiwango cha chini kilichotajwa kwa matofali ya kubeba uzito nchini.

Uteuzi wa tofali kwa utafiti huo una mantiki hata kwa upande wa ulaini. Tofali hufyatuliwa kwa zege zito lenye unyevu wa udongo tu, likishindiliwa kwa mashine inayotetemesha. Halitakiwi kutiririka wala kupenya kati ya nondo. Likiwa laini mno, tofali hubomoka linapotolewa kwenye kibao. Hivyo kasoro kubwa ya kokoto za kifusi, yaani kupoteza ulaini, hapa hupungua makali. Maeneo ya Mbagala, Toangoma, Tegeta na Bunju yana wafyatuaji wengi wa matofali kandokando ya barabara, na kwao kifusi kilichochekechwa vizuri kina nafasi ya karibu zaidi kuliko kwenye slabu ya ghorofa.

Mahali pa kuwa na tahadhari

Jamvi lisilo na nondo, njia za miguu, kingo za bustani na matofali ya uzio ni matumizi ambayo kosa la ulaini halihatarishi maisha. Nguzo, mihimili, linta ndefu na slabu ni jambo jingine. Humo kokoto za kifusi hazifai kutumika bila mhandisi aliyepanga mchanganyiko na bila vipande vya majaribio kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28.

Kifusi hubeba pia vitu ambavyo haviathiri ulaini ila huathiri uhai wa zege. Kile cha nyumba za ufukweni, kama za Kunduchi au Kigamboni, kinaweza kuwa na chumvi ya bahari, ambayo huozesha nondo. Mbao za jasi za dari zikisagwa pamoja na kifusi huleta salfeti, ambazo baadaye huvimba ndani ya zege na kulipasua. Mbao, plastiki, vioo na udongo huondolewa kwa mkono kabla ya kuvunja, wakati vipande bado ni vikubwa na vinaonekana.